Duara Katika Toleo la Nane

Waliompiga Radovan Tesařík walitumia soksi iliyojazwa betri za redio. Daktari wa mahabusu alimweleza Kapteni Drahomíra Šebelová habari hiyo huku wakitembea kwenye korido ya wodi, kwa sauti ya mtu anayetaja vyakula vya leo kantini. Taya limevunjika pande mbili. Bandama imetolewa. Jicho la kushoto huenda likapona, huenda lisipone.

"Nani kafanya?"

"Wenzake wa chumbani. Lakini wote walikuwa wamelala fofofo. Waulize, watakuapia."

"Na akirudi kule?"

"Mwendesha mashtaka anataka arudi kesho. Akirudi, Kapteni, safari ijayo usije kwangu. Nenda moja kwa moja chumba cha maiti."

Mahabusu wa mji wa Brno hawakuwa na huruma kwa mwanamume aliyedaiwa kumpasua kichwa mama wa mtoto wake. Mtoto mwenyewe, Vendula, msichana wa mwaka wa kwanza chuoni, alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango. Alikuwa akija kila siku, anakaa hapo, haingii. Kapteni alimsalimia. Vendula aliitikia bila kuinua macho.

Ndani, Radovan alikuwa amefungwa mguu kwenye kitanda kwa mnyororo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mabega mapana na mikono iliyojaa makovu ya cheche. Alizungumza kupitia meno yaliyobanwa kwa waya, na kila neno lilitoka na mate ya rangi ya waridi.

"Tuanze tena, Bwana Tesařík," Kapteni alisema akivuta kiti. "Ulifika ofisini kwake saa ngapi?"

"Saa mbili usiku. Nilishasema."

"Mlango?"

"Ulikuwa haujafungwa. Nikapanda ngazi."

"Ukamkuta wapi?"

"Chumba cha mitambo. Nyuma ya makabati yale yanayonguruma. Joto kama tanuri." Aliinua viganja vyake na kuvitazama kwa jicho moja. "Nikamshika kichwa nimwinue. Vidole vikaingia ndani. Upande huu wa sikio. Kama yai la kuchemsha ukishaligonga na kijiko."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa mgumu. Nilitaka kumpulizia pumzi, mdomo ukakataa kufunguka. Nikalazimisha." Alifumba jicho. "Ukakataa."

Sajini Kubát, mtu mnene aliyekuwa ameegemea ukuta, alikohoa. "Saa moja na nusu marehemu alikuwa anawaandikia wenzake ujumbe. Saa mbili taya limekauka? Mzee, hata saruji haikauki upesi hivyo."

"Basi saruji," Radovan alisema. "Andika saruji."

Kapteni aliliandika neno *mgumu* na kulipigia mstari. Joto la chumba kile lilikuwa limemvuruga mpasuaji wa maiti kiasi kwamba alikataa kutaja saa ya kifo. Kilichobaki kumthibitisha marehemu, Míla Tesaříková, kuwa hai jioni ile kilikuwa ule ujumbe tu. Na Radovan alikamatwa mtaa wa pili, shati lote damu, analia kama mlevi ingawa hakuwa amekunywa. Kesi ilikuwa imejipika yenyewe. Lakini mtu anayetunga uongo wa kujiokoa, Kapteni aliwaza, hasemi maiti ilikuwa imekauka. Anasema alikuwa bado anapumua.

* * *

Ofisi za Sklep, alikofanyia kazi Míla, zilikuwa katika kiwanda cha zamani cha sufi kando ya mto Svitava. Damu ilikuwa imeoshwa, na ngazi nzima ilinuka klorini. Kwenye ukuta wa chumba cha mitambo palikuwa na ndoano tupu: mtungi wa kuzimia moto uliokuwa ukining'inia pale sasa ulikuwa maabara ya polisi, kitako chake kimebonyea, na nywele za kijivu zimegandia kwenye rangi nyekundu. Míla alipigwa mara tatu au nne. Pigo la kwanza lilivunja mkono aliouinua kujikinga. Yaliyofuata hayakukuta mkono.

Zdislava Macháčková, mwandishi wa programu aliyefanya kazi na Míla, aliwapokea akiwa amekunja mikono kifuani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nywele fupi kama za mwanajeshi, na mikwaruzo mitatu mirefu kwenye kifundo cha mkono. Kubát aliiona mikwaruzo na kumtazama Kapteni.

"Mkono huo umefanyaje, binti?" Kubát aliuliza.

"Paka. Anaitwa Dehet, anakaa chini ya kitanda changu. Nendeni mkamkamate, ila mchukue glavu."

"Kazi yako marehemu aliikataa mara saba, tumeambiwa."

"Mara saba. Na mara zote saba alikuwa sahihi, ndiyo maana iliuma."

"Mimi ningemuua mara ya tatu," Kubát alisema.

"Mimi nilifikiria mara ya nne. Baadaye mtu unazoea." Aligeukia dirisha, kisha akarudi. "Ulizeni mnachotaka."

Kapteni alikuwa ametumia siku kadhaa kusoma mambo ambayo hakuwahi kuyasoma maishani. Sklep ilikuwa programu ya hifadhidata. Reli, hospitali na migodi waliiwekea taarifa zao na kuiuliza maswali. Míla alikuwa mlinzi wa nambari na maumbo ndani ya programu ile: jinsi inavyojumlisha, inavyokadiria sehemu za mwisho za desimali, inavyojua kama nukta iko ndani ya duara au nje. Yeyote aliyetaka kubadilisha mstari mmoja wa msimbo, yaani maandishi ya programu hiyo, aliutuma kwa matoleo, toleo la kwanza, la pili, la tatu, na mhakiki akausoma, akautupa, ukarudi. Sheria yao ilikuwa moja tu: hakuna anayejiidhinishia kazi yake.

"Nisomee ujumbe wa mwisho wa Míla," Kapteni alisema.

"Mnao. Mmeuchapisha mara kumi."

"Nataka kuusikia kwa sauti ya mtu anayeuelewa."

Zdislava aliufungua kwenye kompyuta na kusoma haraka haraka. "'Toleo la nane. Tunakaribia. Umejaribu sifuri hasi, umejaribu kisicho namba, umejaribu kisicho na mwisho. Vizuri. Kosa moja. Unapolinganisha maduara mawili, vitovu unavisamehe tofauti ndogo kuliko unywele, lakini nusu-kipenyo unakidai kilingane kabisa. Duara moja halipimwi kwa mizani mbili. Rekebisha, nitaidhinisha. M.'"

"Hivyo ndivyo alivyoandika siku zote?"

"Hivyo hivyo. Kisicho namba, sifuri hasi. Ilikuwa kama sala yake. Tulikuwa tunamwigiza."

"Na ulipoupata ulikuwa baa."

"Sote tulikuwa baa. Kila Ijumaa. Niliituma kazi yangu kutoka pale pale mezani, katikati ya soseji za siki na bia. Baadaye ikaingia hiyo. Wote wakapiga makofi, kwamba toleo la tisa litapita."

"Ulifurahi?"

Zdislava aliufunga ujumbe kwenye kioo.

"Binti," Kapteni alisema kwa upole, "nimekuuliza kama ulifurahi."

"Alikosea."

"Nani?"

"Míla. Hilo kosa halipo. Nimelinganisha nusu-kipenyo kwa mizani ile ile. Nilifungua msimbo nikatazama, sikuamini. Nikasema, huyu mama hata hakunisoma. Baada ya miezi yote hii ameandika tu la kichwani. Nikafunga kompyuta, nikaagiza pombe kali, slivovice, na sikumwambia mtu. Asubuhi yake wakapiga simu kwamba amekufa. Ningesema nini? Kwamba marehemu alikosea?"

Kubát aliacha kuegemea kabati.

"Aliwahi kukosea hivyo?" Kapteni aliuliza.

"Kuona kosa lisilokuwapo? Míla? Hapana. Alikuwa akisoma kila mstari kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Na kosa lenyewe, lingetoka wapi kichwani mwake? Limeelezwa vizuri mno kwa kosa la kubuni."

"Lilikuwapo kabla. Asubuhi ile. Niliona mwenyewe nikiwa kwenye tramu kwenda baa, nikalirekebisha kompyuta ikiwa magotini. Niliyoituma ilikuwa safi."

"Nani aliiona ile yenye kosa?"

"Hakuna..." Zdislava alisimama hapo. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kuanzia mdomoni. "Olda. Oldřich Vrba. Nilimtumia mchana anitazamie kwanza, ili Míla asinitie aibu mara ya nane."

"Huenda Vrba alimwonyesha Míla."

"Hawakuwa wakisemeshana. Tangu mambo ya kreni."

"Nieleze ya kreni."

Alieleza. Kiwanda kimoja cha chuma huko kaskazini kilitumia Sklep kulinda watu chini ya kreni. Kila mfanyakazi alibeba kifaa mfukoni, na kabla mzigo haujashushwa mtambo uliuliza: kuna mtu ndani ya duara la hatari? Majira ya vuli Sklep ilijibu hapana. Wanaume wawili walikuwa pembeni kabisa mwa duara, ndani kwa upana wa kiatu. Tani kumi na mbili za chuma zikateremka. Waliwatoa kwa sepeto.

"Msimbo ule ulikuwa wa Olda," Zdislava alisema. "Lakini ulikuwa umeidhinishwa, na jina la aliyeidhinisha lilikuwa Míla. Yeye alisema hajauidhinisha kamwe. Watu wakadhani anakwepa. Hata mimi."

"Mtu anawezaje kuandika kwa jina la mwingine hapa?"

Zdislava alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Kirahisi kuliko kitu chochote. Ukiacha mashine yako wazi ukaenda kuchukua kahawa, mwenzako anakaa hapo na kuwaandikia wote: 'Kesho naleta keki.' Na kesho yake unaleta kweli, ndiyo adhabu. Míla hakufunga mashine yake hata siku moja. Alileta keki kila wiki. Alisema anapenda kuoka."

"Kutoka baa je? Ujumbe ulitoka kwenye mashine yake. Tumehakikisha."

"Ukiwa na ufunguo wake wa siri kwenye simu yako, unaingia kwenye mashine yake kutoka popote. Itaonekana umetoka hapa."

Kapteni aliivisha kalamu kofia yake. "Ijumaa ile Vrba alifika baa saa ngapi?"

"Alikuja wa mwisho. Nywele zimelowa. Huwa anaogelea." Alitupia jicho mlangoni. "Hivyo ndivyo alivyosema."

"Yuko wapi sasa?"

"Jikoni. Anapika chai. Kila saa hizi anapika chai."

* * *

Oldřich Vrba alikuwa mwembamba, ndevu zimechongwa vizuri, sweta limetiwa viraka vya ngozi viwikoni. Aliwavutia viti na kuwauliza kama wanatumia sukari. Birika la umeme lilikuwa limeanza kuvuma nyuma yake.

"Kapteni, mnachoka bure," alisema. "Yule bwana alimvunja mkono zamani, kabla hawajaachana. Sisi sote tulimwona akija kazini na plasta. Tulikaa kimya. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

"Ninaelewa."

"Na sasa nasikia kapigwa huko ndani. Sisemi anastahili."

"Unasema nini?"

"Sisemi kitu." Alitabasamu kwa huzuni. "Mnywe chai."

Kapteni aliweka kompyuta ya Zdislava mezani na kuifungua. Alizungumza polepole, kama mwanafunzi anayeona haya. "Nina shida ndogo, Bwana Vrba. Lazima niandike ripoti, na ndani yake lazima nieleze ule ujumbe wa Míla. Mimi nilisoma sheria, hesabu ilinishinda. Unaweza kunieleza aliona nini?"

"Jambo dogo. Yule mtoto alilinganisha vitovu kwa kusamehe tofauti, na nusu-kipenyo bila kusamehe. Ukifanya hivyo unapata duara linalolingana na jirani yake upande mmoja na kukataana naye upande mwingine. Kosa la kawaida, lakini baya."

"Baya kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu kuwa ndani ukaambiwa yuko nje."

"Kama kaskazini."

"Kama kaskazini," Vrba alisema.

"Nionyeshe mstari wenyewe, tafadhali. Nitaupiga picha."

Vrba alivuta kompyuta, akavaa miwani. Kidole chake kilishuka kwenye kioo kwa uhakika wa mtu anayejua swichi ya taa nyumbani kwake. Kikasimama. Kikapanda juu. Kikashuka tena, polepole. Birika lilikuwa likitetema sasa.

"Ni toleo la nane hili?"

"La nane. Lile Míla alilolisoma."

"Ameligusa tangu siku ile. Huyu mtoto amelirekebisha baadaye."

"Hakuna aliyeligusa. Nimethibitisha na mtunza mitambo wenu. Hivi ulivyoliona ndivyo lilivyoingia Ijumaa ile, mezani kwenu, ukiwa umekaa kiti cha tatu kutoka kwa Zdislava. Kosa lilikuwa kwenye nakala ya mchana. Hiyo aliipata mtu mmoja tu."

Vrba aliusoma mstari mara nyingine, midomo ikicheza. Kisha akafanya jambo ambalo Kubát alilisimulia kwa miaka baadaye bila kulielewa: aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Amelirekebisha vizuri," alisema.

Birika likachemka. Vrba alilinyakua na kulimwaga lote usoni kwa Kubát.

Sajini alipiga ukelele na kuanguka pamoja na kiti, mikono imefunika macho. Kapteni alipeleka mkono kwenye bastola. Birika likamfikia kwanza, chuma kitupu, likatua juu ya mkono wake wa kulia, na akausikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu. Bastola ilianguka sakafuni na kuteleza chini ya friji. Vrba alimshika nywele. Alimgonga uso kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara ya pili. Jino likatoka, damu ikamjaa kinywani. Hakusema neno. Alipumua kwa mpangilio, kama mtu anayepasua kuni.

Mara ya tatu Kapteni alipeleka mkono wa kushoto juu ya meza akipapasa, akakuta kikombe, akakivunja kwenye ukingo huo huo na kukizamisha kigae kwenye paja la Vrba. Alikizungusha. Vrba alimwachia. Kapteni akampiga teke la goti, goti likaenda upande ambao magoti hayaendi.

"Kubát! Mlangoni!"

Sajini hakuwa akiona kitu. Ngozi ya shavu lake ilikuwa imeinuka na kuning'inia. Lakini alimsikia mtu akiburuta mguu kuelekea mlangoni, na akajirusha kuifuata sauti kwa uzito wake wote. Wakaanguka pamoja. Kisha ukasikika mlio wa ngumi, mzito, wa kurudia, nyama juu ya nyama. Zdislava alikuwa amekuja mbio, akasimama kizingitini na viganja mdomoni. Ngumi ziliendelea.

"Kubát, basi!"

Hazikuacha.

"Kubát! Nikipata maiti hapa, Tesařík anarudi mahabusu kesho! Namtaka huyu anaongea!"

Ngumi ikabaki hewani. Sajini alikaa kando, anatetemeka, anamwita mama yake kwa sauti ya chini. Zdislava alipiga magoti karibu naye na kuanza kummiminia maji baridi usoni, kikombe baada ya kikombe.

Kapteni alitambaa mpaka kwa Vrba. Alitema damu pembeni, akamfunga pingu kwa mkono mmoja, akitumia meno kukaza. Pua ya mtu huyo ilikuwa imelala shavuni.

"Sema," alimwambia. "Wakati bado una kinywa."

"Alinipa mpaka Jumatatu." Povu jekundu lilimtoka. "Niandike mwenyewe. Kwamba lile idhinisho la kreni niliandika mimi, kwenye mashine yake, alipokwenda kuchukua kahawa. Niweke na majina ya wale wawili. Nilimsihi. Aliendelea kufanya kazi, ananisikiliza huku anapangusa vumbi kwenye feni. Saa kumi jioni, mchana kweupe. Wengine wameshatoka."

"Ukachukua mtungi."

"Nilipompiga mara ya kwanza alinitazama tu. Kama ninayemchelewesha. Ndiyo maana nikarudia."

"Kisha ukakaa pale ukaandika ujumbe wake."

"Kando yake. Ndiyo. Nikausubirisha kwenye simu, nikautuma kutoka baa yule mtoto alipotuma kazi yake."

"Ungeandika 'safi, naidhinisha' tu, usingepatikana. Kwa nini ulitia lile kosa?"

Vrba alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama vile ameulizwa kwa nini amemwagia maji nyumba inayowaka moto.

"Lilikuwa kosa," alisema. "Lingeingia kwenye programu."

* * *

Adhuhuri ya siku iliyofuata Kapteni alirudi wodini na mkono wenye plasta, mdomo umevimba upande mmoja. Kubát alikuwa ghorofa ya juu yake. Macho yake, walisema, yangeona. Askari wa zamu alisoma karatasi ya mwendesha mashtaka mara mbili, kisha akafungua mnyororo kwenye mguu wa Radovan Tesařík na kuuviringisha mkononi kwa aibu, hajui auweke wapi.

"Umeachiwa," Kapteni alisema. "Ni mwenzake wa kazini. Amekiri mbele ya hakimu. Alimuua saa kumi. Ulipofika wewe, alikuwa na saa nne tangu afe. Hata ungekimbia usingemuwahi."

Alidhani atalia. Radovan aliendelea kutazama dari.

"Nilikuwa na bomba," alisema kupitia waya.

"Bomba gani?"

"Kipande cha bomba. Ndani ya koti. Alikuwa amebadilisha namba ya simu. Nilikwenda kumfunza adabu. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimelishika." Pumzi ilimkwama, bandama ilikuwa imetoka lakini kidonda kilikuwa kibichi. "Nilipotoka nikalitupa mtoni. Kwa hiyo hamkuliona. Andika na hilo."

Kalamu ya Kapteni ilikuwa mfuko wa kulia, upande wa mkono uliovunjika. Hakuitoa.

"Kwenda si kuua," alisema. "Na bomba sina. Mimi na wewe tumemaliza, Bwana Tesařík."

"Vendula yuko nje?"

"Yuko."

Kapteni alitoka.

Msichana alisimama mara hii. Alimtazama Kapteni usoni, akauona mdomo, akauona mkono. "Nimesikia kwenye redio," alisema. "Kwamba si baba."

"Si yeye."

"Lakini alikuwa pale. Alikwenda kufanya nini pale?"

Korido ilinuka supu ya kabichi. Toroli la sahani lilipita kati yao, na Kapteni alingoja mpaka lilipopinda kona. Angeweza kusema kwamba kazi yake ilikuwa ni kumtafuta muuaji na amempata. Ilikuwa kweli.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Kinywa kimefungwa waya, lakini anajibu. Leo anajibu kila kitu."

Vendula aliushika mlango kwa kiganja. Kisha akausukuma. Kapteni alimwona akichukua kile kiti kilichokuwa karibu na mto wa baba yake, akakiburuta mpaka kwenye miguu ya kitanda, mbali na mikono yake, akaketi.

"Haya," alisema. "Nakusikiliza."